Fungueni huo mlango kwanza, mlevi haachishwi kwa komeo

Ndugu Mhariri,

Mi ni fundi seremala wa hapa Mbeya, kazi yangu mbao siyo kalamu, na sikuwa na mpango wowote wa kuandika gazetini. Ila juzi mteja alikuja kuchukua stuli zake sita tukawa tunazifungia magazeti ya zamani zisikwaruzane kwenye bajaji, na kwenye kipande kimoja nikaona barua ya msomaji wako wa Iringa. Gazeti ni la lini sijui maana juu pamechanika, ila hata kama imepita miezi mi najibu tu, kwasababu ile barua ilinitoa jasho nikiwa nimesimama.

Huyo ndugu yetu anasema ana mpwa wake mlevi, wakamfungia chumbani wiki nzima, wanampitishia uji na maji, akatetemeka, akapiga kelele, akatulia, na sasa amepona. Anashauri kila familia ifanye hivyo hivyo na serikali za vijiji ziongezee viboko, kwasababu ulevi ni tabia tu siyo ugonjwa. Mwisho anamshukuru Mungu.

Na mimi namshukuru Mungu kwa ajili ya huyo kijana, kwasababu alichofanyiwa kingeweza kumuua. Siongei kwa kusikia. Nilikuwa nyuma ya mlango wa namna hiyo, tena mlango niliotengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, mninga mtupu, na komeo la nje alilisukuma shemeji yangu.

Nianze mbali kidogo. Nimezaliwa vijijini huko Mufindi, na mtu wa kwetu akikwambia hajawahi kuonja ulanzi, pombe ya mianzi, mwangalie mara mbili. Masika tulikuwa tunatumwa asubuhi kwenye mianzi kushusha mbeta, vile vyombo vya kukingia ulanzi, na njiani mtoto lazima apige funda, nani atakuona. Ule wa siku hiyo hiyo mtogwa ni mtamu kama juisi, wakubwa wanausubiri ulale. Simsingizii ulanzi, wadogo zangu wamekunywa huo huo na hakuna aliyeharibika. Mi niliharibikia mjini. Nilikuja Mbeya juu ya lori la mbao za Sao Hill, nikajifunza ufundi, nikapata hela ya kila siku, na ukipata hela ya kila siku unakunywa kila siku, ndo mahesabu yenyewe. Enzi hizo ni viroba, pombe kali ya vifuko. Serikali ilipopiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017 pale karakana tulikaa kama tumefiwa, nikasema basi hapa ndo nimeachishwa, kumbe wapi, wiki ile ile tulishahamia kwenye vichupa, na kichupa ni kibaya zaidi kwasababu kinakaa vizuri ndani ya maranda. Ukiona fundi anapenda kukusanya maranda yake mwenyewe na hataki kijana amfagilie ujue kuna kitu humo.

Miaka miwili ya mwisho nilikuwa sinywi kwa starehe, nakunywa ili nishike futi. Nisipotoa loki asubuhi, yaani nisipokunywa kwanza, mkono unacheza, nikiweka alama ya sentimita sitini penseli inaangukia sitini na mbili, nikaja kukata mbao za kitanda cha bwana harusi fupi upande mmoja, kitanda kikawa kinainama kichwani, na harusi ni kesho. Watu walicheka sana mtaani, nikacheka nao. Usiku nililia, sikumwambia mtu.

Sasa watu wanadhani mlevi hatafuti msaada. Mi nilitafuta, ila nilitafuta kila mahali isipokuwa panapotakiwa. Nilienda kwa mtaalamu mmoja wa mitishamba akanipa unga wa mizizi, nikamuuliza nakunywaje, akasema changanya na bia ya moto. Nikaenda kwenye maombi, na hapa nisieleweke vibaya, sipingi maombi, mi naimba besi kwaya mpaka leo, ila niliombewa Jumapili tano na kila Jumapili nikitoka mikono inatetemeka vile vile. Nikajaribu hata zahanati moja, hii ndo iliniuma kuliko zote. Nimefika dirishani, nimejikaza nimesema kwa sauti ya chini "naomba kusaidiwa niache pombe", yule mhudumu akasema kwa sauti ya mnadani, "Pombe? Nayo siku hizi ugonjwa?" Foleni nzima ikacheka, akina mama na watoto wao mgongoni wakacheka. Nikageuka nikaenda moja kwa moja grosari, na toka siku ile mpaka niguse tena mlango wa hospitali ilipita miezi minane. Kicheko kimoja tu hicho.

Ndo tukafika kwenye komeo. Ilikuwa Jumamosi jioni, mke wangu na shemeji wakakubaliana na wazee wa maombi kwamba nifungiwe siku tatu, nifunge na kuomba, nile jioni tu, nitoke nikiwa mpya. Na mimi nilikubali, msije mkadhani nilikamatwa kwa nguvu. Nilichoka. Niliingia mwenyewe nikasikia komeo linaingia tundu lake, nikakumbuka hata siku niliyolifunga hizo skrubu.

Jumapili asubuhi mikono, kama kawaida. Mchana jasho, na Mbeya hii mwezi wa saba mnaijua, watu wamevaa majaketi mawili, mi fulana imelowa naweza kuikamua. Moyo unakimbia. Jioni nikaanza kusikia watu wanapiga randa nyuma ya ukuta, nawaambia jamani leo Jumapili, na hakuna mtu. Nasikia mke wangu anawaambia wageni "pepo linasumbuka, linataka kutoka". Usiku kuamkia Jumatatu sikumbuki kitu, nasimuliwa tu. Wanasema walisikia kishindo, walipofungua wakanikuta chini nimekakamaa, povu, macho juu, nimejing'ata ulimi. Kifafa, na mi sijawahi kuwa na kifafa toka nizaliwe. Jirani mmoja akasema asiguswe mtu huyu karogwa. Mwingine, dereva wa bajaji Mungu ambariki, akasema huo urogi mtaujadili mkirudi, akanipakia.

Pale hospitali daktari alimuuliza mke wangu swali moja. "Mama, amekunywa lini mara ya mwisho?" Mke wangu akajibu kwa furaha kabisa, akijua anatoa habari njema, "Daktari, ana siku ya pili hii hajagusa hata tone." Daktari akasema, "Ndiyo sababu."

Mama Neema, ndo mke wangu, anasema mpaka leo hilo neno linamrudia akiwa anaosha vyombo.

Nitaeleza kama nilivyoelezwa, kwa lugha ya fundi. Pombe inaufunga ubongo breki. Ukinywa kila siku kwa miaka ubongo nao unajifunza kukanyaga mafuta zaidi ili ufanye kazi hivyo hivyo na breki imeshikwa. Sasa we siku moja unaitoa breki yote ghafla, mafuta bado yamekanyagwa mpaka chini. Wale wa malori wataelewa, ni kama mtu yuko mlima Kitonga anashuka na mzigo na gia nzito, alafu utingo mjinga anachomoa gia. Mikono kutetemeka inaanza ndani ya siku ya kwanza, kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili, na siku ya tatu ya nne ndo kuna ile ya kuchanganyikiwa, homa, kuona visivyokuwepo, na hapo mtu ambaye hajatibiwa anaweza kufa kabisa. Siyo kila mlevi, wengi watatetemeka tu na kuisha. Ila ukiwa umemfungia ndani utajuaje wako ni yupi?

Mi siku ya tatu niliipitia wodini. Niliona siafu wanatembea kwenye shuka kwa mistari, nikawa nawapangusa, nesi anasema "baba hamna kitu hapo" na mi namuonyesha kabisa, huyu hapa. Walinipa dawa za kutuliza, wanazipunguza kidogo kidogo kila siku, ndo maana halisi ya kushuka na gia. Na sindano za vitamini B1, kwasababu mlevi wa muda mrefu anakuwa ameishiwa nayo na ikiisha kabisa inakula kumbukumbu. Siku sita nikawa naweza kushika kikombe cha chai bila kukimwaga. Nilikishika kwa mkono mmoja nikakiangalia kama mtoto.

Nikajua nimepona. Daktari akasema hapana, hapa tumetoa pombe mwilini tu, kazi haijaanza, kesho utaonana na mshauri.

Hapo Mhariri ndo napotaka niongee kwa kirefu kidogo kwasababu ndo sehemu watu wetu hawaijui. Mi niliposikia ushauri nasaha nikajua nakwenda kuhubiriwa. Nimeshauriwa maisha yangu yote, baba mdogo kanishauri, mchungaji kanishauri, mwenyekiti wa mtaa kanishauri, mpaka wauza vichupa wamenishauri nipunguze. Nikajiandaa na sura yangu ile ya "ndiyo, nimekosa, nitaacha". Nikamkuta dada mmoja mdogo, umri wa mdogo wangu wa mwisho, amekaa na daftari. Shikamoo baba, marahaba. Akaniuliza maswali manne. Umewahi kuona kwamba inabidi upunguze kunywa? Watu wakikusema kuhusu pombe unakereka? Unajisikia vibaya moyoni kwa sababu ya unywaji wako? Umewahi kunywa asubuhi ukiamka ili mikono itulie? Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba maswali hayo yalitungwa na daktari wa Marekani anaitwa John Ewing na aliyachapisha mwaka 1984, na kwamba ukijibu ndiyo mawili tu inatosha kukufanya ukapimwe vizuri. Mi nilijibu ndiyo manne. Nikasubiri mahubiri.

Hakuhubiri. Saa nzima hakunipa ushauri hata mmoja! Alikuwa anauliza anasikiliza. Akaniuliza pombe inanisaidia nini. Hakuna mtu aliwahi kuniuliza hilo, wote wanaulizaga inakuharibia nini, na hiyo orodha nilikuwa nayo kichwani toka zamani. Nilikaa kimya mpaka nikasikia saa ya ukutani. Alafu nikamwambia kitu ambacho sikukijua kama nakijua, kwamba nikiwa sijanywa nasikia sauti ya marehemu baba akiniambia sitafaa kitu. Sitaendelea na hayo hapa, ni yangu na yeye, na yeye kanihakikishia kwamba yanabaki kwenye kile chumba, hata mke wangu akiuliza haambiwi mpaka mi niseme sawa.

Akanipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. Daftari la kurasa arobaini, kila nikisikia hamu niandike saa ngapi, niko wapi, na nani, na dakika kumi kabla nilikuwa nawaza nini. Nikaona ni utoto. Baada ya wiki tatu tukalifungua pamoja, jamani, nilishangaa. Mi nilikuwa nasema nataka pombe muda wote, daftari linasema siyo kweli. Linasema Jumamosi saa kumi na moja jioni, baada ya kulipwa, nikitembea toka karakana maeneo ya Mwanjelwa kurudi Ilomba kwa njia ile ile yenye grosari nne. Linasema mteja akinipunguzia bei kwa dharau. Linasema nikigombana na shemeji. Ni vitu vitatu! Miaka yote napigana na jini kumbe napigana na Jumamosi.

Basi tukatengeneza mipango, na mipango yenyewe ni ya kawaida mpaka unaona aibu kulipia bajaji kuja kuisikia. Wateja walipe kwenye simu ya mama Neema. Jumamosi nirudi kwa bajaji, nisitembee. Hamu ikija niangalie saa, kwasababu hamu haipandi milele, inapanda inafika juu inashuka, wengi ni ndani ya nusu saa, ni kama mvua, ipishe. Nikamwambia dada, mvua yangu ni ya Tukuyu hii, haikatiki. Akacheka, akasema basi tununue mwavuli. Mwavuli wenyewe ni mzee mmoja fundi makochi aliyeacha miaka tisa iliyopita, namba yake nimeiandika kwa penseli ukutani karakana juu ya msumeno, nikizidiwa nampigia, haulizi kitu, anasema tu "uko wapi?" na anakuja.

Na mke wangu aliitwa pia. Hiyo siku nilijua ataenda kunishtaki, kumbe naye alikuwa na ya kwake, alilia kuliko mimi. Tulijifunza kuongea kuhusu hela bila kupigiana kelele, na mpaka leo bado tunajifunza hiyo, somo gumu.

Sasa msidhani nimeteremka kwenye gari nikafika. Nilianguka. Mwezi wa tano toka nitoke wodini tulikuwa na msiba kwetu Mufindi, watu wanasalimiana kamwene kamwene, mjomba wangu akanisogezea kikombe, "Mtogwa huu, umeshushwa leo, juisi tu, hata mtoto anakunywa." Nikanywa juisi. Jioni nilikunywa ambao siyo juisi, nikarudi Mbeya nikanywa siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili nikaenda kliniki nikiwa nanuka, nimeinamisha kichwa nasubiri kufukuzwa. Yule dada akafunga mlango akasema, "Karibu. Nini kilitangulia?" Siyo kwanini umefanya hivi. Nini kilitangulia. Tukarudi nyuma hatua kwa hatua, tukakuta siyo kile kikombe, ni ile siku mbili kabla nilipoacha kumpigia mzee wa makochi kwasababu niliona nimeshapona namsumbua tu. Safari hiyo walinipima kwanza, wakaniangalia kama nahitaji tena dawa za kushukia, hawakuniambia acha leo leo. Toka siku hiyo ni mwaka mmoja na miezi minne.

Nina kijana pale karakana, nimwite Dogo, yeye siyo wa pombe, yeye alikuwa teja, anakula unga, yaani heroini, aliishi stendi. Unga ni kitu kingine. Arosto ya unga, yale mateso ya kuukosa, inaanza ndani ya siku moja, mifupa inauma, kuharisha, makamasi, ngozi inasisimka, siku ya pili ya tatu ndo kilele, na kwa kawaida haiui mtu mwenye afya ila inamfanya atamani kufa, na ndo maana anaiba hata sufuria lenye ugali. Kwa watu wa unga ipo dawa ya methadoni, nchi yetu ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011 na hapa Mbeya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Dogo anakwenda kila siku asubuhi, anakunywa kikombe chake mbele ya nesi, anaongea maneno mawili matatu waone kameza, anakuja kazini. Mtaani wanamcheka eti kaacha unga kashika unga wa serikali. Mi namuona anapiga randa mstari umenyooka toka saa mbili mpaka saa kumi, nisichokiona ni kinachochekesha.

Watu wa pombe huwa wananiuliza na wao wapewe hicho kikombe, hapana, methadoni ni ya heroini na ndugu zake, haitibu pombe. Na bangi haina dawa yake ya kunywa, ya kwake ni huyo huyo mshauri na daftari, kwa hiyo vijana wanaosema bangi siyo ya kwenda hospitali wajue hospitali haina kidonge ila ina mtu wa kuongea naye. Dogo mwenyewe anasema kikombe kinamtoa arosto, ila kinachomfanya asirudi stendi ni kikundi chao cha Ijumaa na yule mshauri.

Na kitu kingine Dogo anataka nikiandike, rafiki yake alikaa ndani miezi saba hajagusa kitu, ametoka, akatumia kipimo chake kile kile cha zamani, hakumaliza nusu saa. Mwili ukikaa bila unga unasahau kuuvumilia. Kwa hiyo huyu wa Iringa anayesifia kufungia watu, kwa mtu wa unga hatari siyo tu mle ndani, hatari ni siku mlango unapofunguliwa na hakuna mtu wa kumpokea.

Soba hausi, zile nyumba za kuachishia ulevi, sizipingi, zipo zimesaidia watu. Mi moja waliniambia laki tatu kwa mwezi na nilipe miezi mitatu kabla, nikauliza kuna daktari, wakasema kuna sheria kali. Sheria kali hata kwangu zilikuwepo. Mwenye kutaka kumpeleka mtu aulize kwanza nani anamwangalia siku zile tano za mwanzo, kuna mshauri aliyesomea au kuna bakora tu, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure 119, apige aulize kabla hajatoa hela.

Ombi langu sasa, maana barua bila ombi ni stori. Mi nakaa Ilomba, bajaji mbili nimefika. Mtu wa Kyela yuko zaidi ya kilomita mia, wa Chunya hivyo hivyo ana safari, ataacha shamba lake la mpunga au duara lake la dhahabu kila wiki aje aongee saa moja? Haji. Anabaki na mtaalamu wa mizizi na bia ya moto. Hospitali za wilaya zina maafisa ustawi wa jamii na wauguzi waliosomea afya ya akili, wengine wako dirishani wanapanga mafaili. Tungepewa hata siku moja kwa mwezi, itangazwe, ibandikwe ukutani karatasi kubwa kama zile za chanjo, kwamba Jumatano ya kwanza anayetaka kuacha pombe au unga aje mlango namba fulani. Mlango namba fulani, siyo dirishani mbele ya foleni. Na wale wa dirishani wafundishwe kitu kimoja tu, mtu akisema pombe waseme "subiri kidogo baba, kuna mtu atakusikiliza". Ni maneno sita, yangeniokolea miezi minane.

Na kwako ndugu yangu wa Iringa, sikukasirikii. Wangu walinifungia kwa upendo na wa kwako najua ni hivyo hivyo. Kama huyo mpwa alirudia, na wengi wanarudia, safari hii mkiona anatetemeka, jasho, anaongea na watu wasiokuwepo, msisubiri atulie. Mchukueni hospitali usiku huo huo, na mwambieni daktari ukweli, anakunywa kiasi gani na ameacha lini, msione aibu. Akishatulia ombeni mshauri, na akiwaambia kesho hataki kwenda, nendeni nyie wenyewe, wanapokea hata ndugu.

Lile komeo nililitoa. Yamebaki matundu manne ya skrubu kwenye mninga, mama Neema kila akipita anasema fundi mzima unashindwa kuziba, ni gundi tu na vumbi la mbao, dakika tano. Ni kweli ni dakika tano. Sijaziba.

Fundi seremala, Ilomba, Mbeya
(jina langu naomba mlihifadhi)